Majira Kando ya Mto Seine

Bonde la chini la mto Seine, kuanzia mlango wa mto huo karibu na bandari ya Le Havre hadi kwenye vijiji vya mpaka wa kale wa Normandy, ni mojawapo ya sehemu za Ufaransa zilizochorwa mara nyingi na wachoraji wa nje, yaani wale wanaosimamisha turubai mbele ya mandhari yenyewe na kuipaka rangi papo hapo, badala ya kuchukua vielelezo vya haraka na kwenda kukamilisha kazi chumbani. Msafiri anayelipanda bonde hilo kutoka baharini kwenda bara, kwa treni mahali reli ilipo na kwa baiskeli au miguu mahali isipokuwepo, hupita karibu na maeneo mengi ambamo desturi hiyo ilikomaa katika karne ya 19, na kwa kuwa maeneo hayo hayakuachana sana, anaweza kuyalinganisha kabla kumbukumbu ya moja haijafunikwa na ya jingine. Linalojitokeza katika ulinganisho huo ni kwamba kwa wachoraji hao majira hayakuwa pambo la mandhari, wala hayakuwa kisingizio cha kuonyesha furaha na huzuni, bali yalikuwa muda: siku chache, pengine saa chache, ambazo mchoraji alipewa kabla jani, theluji au mwanga havijaondoka, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafuta namna ya kuurefusha muda huo, kwa ujanja, kwa fedha au kwa subira.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki uzito wa jambo hilo hauwi wazi mpaka alitazame jua. Jijini Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya takriban digrii 60 juu ya upeo wa macho mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa haifiki saa moja, ndiyo maana mwaka wa pwani hugawanywa kwa mvua na kwa pepo, kwa masika na vuli, kwa kaskazi na kusi, na si kwa urefu wa siku. Katika bonde la Seine, lililo karibu na latitudo ya digrii 49 kaskazini mwa ikweta, mchana wa mwishoni mwa Juni huchukua takriban saa 16 na ule wa mwishoni mwa Desemba huzidi saa 8 kidogo tu, na jua la adhuhuri, ambalo katika Juni hupanda hadi digrii 64 hivi, katika Desemba halifiki digrii 18. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama shambani adhuhuri ya Desemba hutoa kivuli cha zaidi ya mita 5, na akisimama mahali hapo hapo mwezi Juni kivuli chake hakifiki mita moja. Mwanga wa jua lililoinama hupenya tabaka nene zaidi la hewa na kufika ukiwa umepungukiwa na samawati, kwa hiyo mwanga wa baridi una umanjano na wekundu ambao huku kwetu huonekana asubuhi na jioni tu. Majani yakipukutika, basi, si mti peke yake unaobadilika, bali mpangilio mzima wa mwanga na kivuli umeshahama.

Le Havre ya leo haina tena mitaa aliyoijua Claude Monet, aliyezaliwa Paris mwaka 1840 na kukulia katika bandari hiyo, kwa sababu mabomu ya Septemba 1944 yaliibomoa sehemu kubwa ya mji, na mji wa saruji unaoonekana sasa ulijengwa upya chini ya msanifu majengo Auguste Perret, ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Hata hivyo jumba la makumbusho la sanaa lililo mbele ya bahari lina hazina ambayo mtu anayejali majira hana budi kuanza nayo, nayo ni mkusanyo mkubwa wa kazi za Eugène Boudin, mwana wa baharia aliyezaliwa mwaka 1824 katika mji wa Honfleur, ng'ambo ya mlango wa mto, na ambaye kabla ya kujitosa katika uchoraji aliendesha duka la karatasi na fremu. Ndiye aliyemshawishi Monet, wakati huo kijana aliyekuwa akijipatia fedha kwa kuchora vibonzo vya watu maarufu wa mjini, atoke nje pamoja naye mnamo 1858 na aangalie anga.

Boudin alikuwa na mazoea ya kuandika kwenye vielelezo vyake vya mawingu tarehe, saa na upepo uliokuwa ukivuma, na mshairi Charles Baudelaire, aliyeviona mwaka 1859, alistaajabu kwamba hata maandishi hayo yakifunikwa kwa mkono mtazamaji angeweza kubahatisha majira, saa na upepo. Mataifa yaliyozoea kuhesabu majira kwa majani huichukulia sifa hiyo kuwa maneno ya heshima tu, lakini nahodha wa jahazi wa Lamu au Unguja, ambaye hutambua kuingia kwa kaskazi kwa namna mawingu yalivyojipanga na kwa rangi ya maji, angeielewa mara moja. Boudin hakuchora "majira ya baridi" au "kiangazi" kama vitu vyenye majina. Alichora upepo wa kaskazini-magharibi wa saa fulani ya Oktoba, na mtu akisimama mbele ya safu ya vibao hivyo vidogo anaona kwamba mwaka wa mchoraji huyu haukuwa na sehemu nne, ila ulikuwa na hali zisizohesabika zilizopokezana bila kuagana.

Daraja la Normandy, lililofunguliwa mwaka 1995 likiwa na urefu wa mita 856 kati ya nguzo zake kuu mbili, humvusha msafiri hadi Honfleur kwa dakika chache, mahali ambapo wachoraji wa zamani walivuka kwa boti. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba ya wageni ya shambani iliyoitwa Saint-Siméon, ambako Boudin, Gustave Courbet, Johan Jongkind na Monet walikula na kulala kwa bei nafuu. Leo ni hoteli ambayo wachoraji wa aina ile wasingemudu hata kifungua kinywa chake. Katika barabara za vilima hivyo Monet alizoea kazi ya theluji. Mwandishi wa gazeti la Le Havre alisimulia kwamba alimkuta siku ya baridi kali akiwa amevaa makoti matatu, mikono yake imo ndani ya glavu, uso umekaribia kuganda, na jiko dogo la moto limewekwa karibu naye, huku akiendelea kuchunguza namna mwanga unavyotua juu ya weupe.

Matokeo ya uchunguzi huo yanaonekana vizuri zaidi katika picha ya majira ya baridi ya 1868 na 1869, iliyochorwa karibu na Étretat na kuhifadhiwa sasa katika jumba la makumbusho la Orsay jijini Paris, ambamo ndege mmoja wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, ametua juu ya lango la fito katika shamba lililofunikwa na theluji. Vivuli vya ua katika picha hiyo ni vya samawati, si vya kijivu wala vya kahawia kama walivyofundishwa wanafunzi wa wakati ule, na sababu yake ni ya kifizikia zaidi kuliko ya kisanaa: mahali ambapo jua halifiki, theluji huangazwa na anga peke yake, na theluji, kwa kuwa ni nyeupe, hurudisha rangi ya kile kinachoiangaza. Waamuzi wa Salon, yaani maonyesho rasmi ya kila mwaka yaliyoamua riziki ya wachoraji wa Ufaransa, waliikataa mwaka 1869. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, picha za baridi za wachoraji hawa ndizo bora kuliko zile za maua na kiangazi zinazochapwa kwenye kalenda, kwa kuwa mandhari iliyovuliwa majani haimwachii mchoraji mahali pa kujificha.

Kazi hiyo ilikuwa na matatizo yake ya vifaa. Rangi ya mafuta, yaani unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya kitani, haikauki kwa kupoteza maji kama ifanyavyo rangi ya maji, bali hukauka kwa mafuta kufyonza oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, na badiliko hilo hupungua kasi kadiri baridi inavyozidi. Kwa hiyo mchoraji aliyetaka kuongeza tabaka jipya juu ya kazi ya jana alikuta kazi ya jana bado mbichi, na rangi ndani ya vifuko vyake imekuwa nzito, ilhali theluji yenyewe haikuwa na nia ya kumsubiri. Rangi ya maji nayo huganda juu ya karatasi na kuacha alama za fuwele, na ukungu ukitanda inakataa kabisa kukauka, jambo ambalo mtu aliyejaribu kuitumia Zanzibar katikati ya masika analifahamu bila kuhitaji theluji.

Étretat yenyewe, umbali mfupi kaskazini mwa Le Havre, ni kijiji cha pwani kilichobanwa kati ya majabali ya chaki ambayo bahari imeyatoboa na kuyafanya matao. Monet alirudi huko mara kadhaa katika miaka ya 1880, na mwandishi wa hadithi Guy de Maupassant, aliyemwona akifanya kazi, aliandika mwaka 1886 kwamba alikuwa akitembea na watoto waliombebea maturubai matano au sita ya mandhari ile ile katika saa mbalimbali, akayachukua na kuyaacha kwa zamu kufuatana na mabadiliko ya anga. Hapo ndipo mbinu ya mfululizo, yaani kuchora kitu kimoja katika picha nyingi ambazo kila moja ina hali yake ya hewa, ilipoanza kuchukua sura. Bahari ya hapo, wakati wa bamvua, hupanda na kushuka kwa takriban mita 8, mara mbili ya ilivyo Zanzibar, na mwezi Novemba 1885 Monet, aliyekuwa amesoma vibaya jedwali la maji kujaa na kupwa, alikumbwa na wimbi chini ya tao kubwa la Manneporte, akagongwa kwenye jabali na kupoteza vifaa vyake. Mvuvi wa Bagamoyo asingemhurumia sana.

Mji wa Rouen, ulioungwa na Paris kwa reli tangu mwaka 1843, unaweza kupitwa haraka na mtu anayefuata majira, kwa maana kanisa kuu ambalo Monet alilichora zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894 halina jani hata moja, na kazi hiyo haikufanyiwa nje bali madirishani mwa majengo yaliyolikabili, likiwemo duka la nguo za wanawake ambamo ilibidi pawekwe pazia ili wateja wasione haya. Lakini kuna jambo moja la kujifunza katika tarehe zake. Alifanya kazi huko kuanzia Februari hadi Aprili mwaka 1892, akaondoka, kisha akarudi tena Februari hadi Aprili 1893, na mpango huo unaeleweka ukikumbuka kwamba jua hupita njia ile ile angani katika tarehe zile zile za kila mwaka, kwa hiyo kilichokuwa kimeondoka mwezi Aprili kilirejea chenyewe baada ya mwaka, kikitua juu ya mawe yale yale kwa mwinamo ule ule.

Kati ya Rouen na Vernon mto hujipinda sana, na katika mojawapo ya mapindo hayo, chini ya magofu ya ngome ya Château-Gaillard iliyojengwa na mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 12, uko mji mdogo wa Les Andelys. Jirani na mji huo alizaliwa Nicolas Poussin mwaka 1594, mchoraji ambaye aliishi karibu maisha yake yote ya utu uzima mjini Roma na ambaye, kati ya 1660 na 1664, akiwa mzee mwenye mkono unaotetemeka, alitengeneza picha nne za majira zinazoonekana leo Louvre. Katika picha hizo majira ya machipuko ni Adamu na Hawa bustanini, kiangazi ni Ruthu akiokota masazo katika shamba la Boazi, mapukutiko ni wapelelezi wa Israeli wakibeba kichala kikubwa cha zabibu, na baridi ni Gharika. Ni kazi kubwa, na hakuna sababu ya kuidharau kwa kuwa haikufanyiwa nje. Lakini majira yake yamekamilika, kila moja limefika kileleni na kusimama hapo, nayo yako manne kwa sababu kitabu na desturi vimesema ni manne. Mtu anayeketi ukingoni mwa Seine chini ya kijiji alichozaliwa Poussin, katika wiki za mwisho za Machi, akiona mierebi imeanza kugeuka manjano wakati miti mingine bado ni fito kavu na mvua ya mawe imechanganyika na jua, atatafuta bila mafanikio ni picha ipi kati ya hizo nne angeweza kuiweka siku hiyo.

Wafaransa hawakusubiri karne ya 19 kulitambua tatizo hilo. Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1800, aliwashauri wanafunzi wachore mandhari moja katika saa mbalimbali na wasizidishe saa mbili kwa kielelezo kimoja, au nusu saa ikiwa jua linachomoza au kuzama, kwa kuwa baada ya hapo mwanga umekuwa mwingine. Vielelezo hivyo, hata hivyo, vilikuwa mazoezi ya kusaidia picha kubwa ya chumbani. Kilichobadilisha mambo ni kifuko cha bati kinachominywa, kilichobuniwa mwaka 1841 na John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyeishi London. Kabla yake rangi ilifungwa katika vibofu vya nguruwe ambavyo vikishatobolewa havikuzibika vizuri. Kifuko chenye kifuniko, pamoja na tikiti ya treni, vilimwezesha mchoraji kuwa shambani saa chache baada ya kuondoka Paris, akiwa na rangi kamili za kumaliza kazi papo hapo.

Kijiji cha Giverny, kilichoko ng'ambo ya mto kutoka kituo cha reli cha Vernon, ndiko Monet alikohamia mwaka 1883 na kununua nyumba mwaka 1890. Watalii wengi huenda kuona bustani na bwawa la mayungiyungi, lakini somo la majira lililo muhimu zaidi lilitokea katika shamba la jirani, mwishoni mwa kiangazi cha 1890, palipokuwa na marundo makubwa ya miganda ya ngano. Marundo hayo hayakuwa majani makavu ya kulishia ng'ombe, kama majina ya picha hizo katika baadhi ya lugha yanavyodokeza, bali yalikuwa mavuno yenyewe, yamepangwa kwa ustadi na kuezekwa kwa nyasi ili mvua isipenye, yakisubiri mashine ya kupura ambayo ilizunguka kijiji hadi kijiji na pengine isifike mpaka Machi. Kwa hiyo mzunguko wa mashine ya wakulima ulimpa mchoraji kitu ambacho maumbile hayakutoa, yaani umbo lisilosogea lililoachwa mahali pamoja tangu mavuno hadi theluji ya mwisho, huku kila kitu kinacholizunguka kikibadilika.

Monet alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mwanzoni alidhani maturubai mawili yangetosha, moja la jua na moja la mawingu, lakini mwanga ukawa unabadilika kabla hajamaliza, akamtuma binti wa kambo wake, Blanche Hoschedé, amletee jingine, na jingine tena. Mwezi Oktoba 1890 alimwandikia rafiki yake mkosoaji Gustave Geffroy kulalamika kwamba jua la wakati huo lilishuka upesi mno asiweze kulifuata. Picha za mfululizo huo ni takriban 25, na 15 kati yake zilionyeshwa Mei 1891 katika jumba la mfanyabiashara Paul Durand-Ruel jijini Paris na kununuliwa zote kwa siku chache. Inafaa kusema wazi kwamba hazikuwa kazi ya nje kwa asilimia mia: Monet alizipeleka chumbani, akazipanga pamoja na kuzirekebisha zikiangaliana, hivi kwamba samawati ya alfajiri yenye sakitu, yaani umande ulioganda, iliongezwa au kupunguzwa kwa kulinganishwa na wekundu wa machweo ulio jirani yake ukutani. Uaminifu kwa saa moja ya siku moja ulikuwa nusu ya kazi; nusu ya pili ilikuwa kumbukumbu na hesabu ya mwenye mali anayetaka mfululizo wake usimame vizuri.

Marundo yalimpa muda bila malipo, lakini mipopla ilidai fedha. Mwaka 1891 alianza kuchora safu ya mipopla, yaani miti mirefu na myembamba iliyopandwa kando ya maji, katika kijiji cha Limetz kando ya mto Epte, na kabla hajamaliza akapata habari kwamba kijiji kimeamua kuipiga mnada ikatwe. Alipokosa kuahirishiwa, alikubaliana na mfanyabiashara wa mbao kwamba atachangia bei, kwa sharti miti ibaki imesimama mpaka picha ziishe. Mchoraji Mmarekani Lilla Cabot Perry, aliyekuwa jirani yake, alieleza kwamba Monet alifanya kazi hiyo ndani ya mashua yenye mifereji ya kusimamishia maturubai mengi, na kwamba hali ya mwanga katika mojawapo ilidumu dakika 7 tu, hadi jua lilipoliacha jani fulani, ndipo akachukua turubai linalofuata. Miaka miwili kabla ya hapo, katika bonde la Creuse katikati ya Ufaransa, alikuwa amechukua hatua iliyo ngeni zaidi. Mwaloni mmoja alioanza kuuchora ukiwa mtupu mwezi Machi ulichipua majani wakati mvua ikimchelewesha, naye mwezi Mei akampa mwenye ardhi fedha ili watu wapande mtini na kuyanyofoa majani yote, akaendelea na picha ya majira ya baridi wakati bonde zima limeshakuwa kijani. Wanaomsifu Monet kuwa mtumishi mtiifu wa maumbile huutaja mti huo kama kichekesho, ingawa ndio unaoeleza kazi yake vizuri kuliko sifa zao.

Bustani nayo ni mpango wa namna hiyo hiyo. Alipoomba mwaka 1893 ruhusa ya kuchepusha tawi la Epte ili apate bwawa, majirani walipinga wakihofia kwamba mimea ya kigeni ingeyatia sumu maji yao, na hofu yao, ingawa haikuwa na msingi, ilikuwa na mantiki ya watu wanaofulia na kunyweshea mifugo humo. Baada ya kuruhusiwa, Monet hakuhitaji tena kusafiri kuyatafuta majira, kwa kuwa aliyapanda. Bustani ilifunguliwa kwa umma mwaka 1980, nayo hupokea wageni kuanzia Aprili mosi hadi Novemba mosi, maana yake ni kwamba Giverny inayojulikana na dunia haina majira ya baridi kabisa, na mgeni anayetoka humo na mfuko wa kadi za picha hajawahi kuoneshwa miezi ile ambayo marundo ya ngano yalikuwa yakifunikwa na theluji upande wa pili wa ukuta.

Miezi hiyo inapatikana kwa kupanda mto kidogo hadi Vétheuil, kijiji chenye kanisa la mawe juu ya mteremko, ambako Monet aliishi tangu 1878 hadi 1881 katika umaskini na ambako mke wake, Camille, alifariki Septemba 1879. Baridi iliyofuata ilikuwa kali kiasi kwamba Seine iliganda, na mwanzoni mwa Januari 1880 barafu ikapasuka kwa kishindo na kuteremka na maji kwa mabapa makubwa. Katika picha alizochora wakati huo hakuna kilichosimama, kwa maana mabapa yanasonga, ukungu unahama na mwanga ni mchache, na brashi imepita kwa mistari mifupi ya mlalo isiyorudiwa. Hapo hapakuwa na mtu wa kulipwa ili barafu isubiri, na huenda ndiyo sababu picha hizo zina ukali ambao mfululizo wa baadaye, uliopangwa kwa utulivu wa mtu mwenye nyumba na akiba, hauna.

Msafiri akiuacha Seine na kuufuata mto Epte kuelekea kaskazini, mto ambao tangu mapatano ya mwaka 911 ulikuwa mpaka kati ya Normandy na ardhi ya wafalme wa Ufaransa, hufika karibu na mji wa Gisors katika kijiji cha Éragny, alikoishi Camille Pissarro kuanzia 1884 hadi kifo chake mwaka 1903. Pissarro alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, Karibi, mahali pasipo theluji wala kupukutika kwa majani, kwa hiyo majira ya kaskazini aliyajua kwa kujifunza, kama ambavyo angeyajua mtu wa Tanga au Mombasa. Mwaka 1891, wanunuzi walipotaka marundo ya Monet na si kitu kingine, alimwandikia mwanawe Lucien akishangaa jinsi rafiki yake anavyokubali kujirudia, ingawa baada ya kuziona picha alizisifu, na mwaka uliofuata Monet huyo huyo ndiye aliyemkopesha fedha za kununulia nyumba ya Éragny.

Pissarro alikuwa amejaribu kwa miaka michache mbinu ya nukta, yaani kuweka rangi safi kwa vidoa vidogo vingi ambavyo jicho huvichanganya kwa mbali, akaiacha mnamo 1890 kwa sababu ilikuwa ya polepole mno kuweza kufuata maumbile yanayokimbia. Kisha maradhi ya jicho, yaliyochochewa na upepo na vumbi, yakamlazimu kufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa nyuma ya kioo cha dirisha, akitazama bustani yake ya matunda, malisho yenye maji, na mnara wa kanisa la Bazincourt ng'ambo. Kwa kipimo cha wale wanaodai kwamba uchoraji wa nje lazima uwe na kiegemezo cha miguu mitatu matopeni, hilo lilikuwa anguko, lakini picha za Éragny zinakataa hukumu hiyo. Ni mandhari ndogo, isiyo na tao la bahari wala mwaloni wa ajabu, iliyotazamwa na mtu mmoja kwa karibu miaka 20, na kwa kuwa mchoraji hakuhama, theluji iliyoyeyuka kabla ya kukamilishwa na maua ya tufaha yaliyoangushwa na mvua vilikuwa na nafasi ya kurudi mbele ya dirisha lile lile. Katika picha hizo majira hayana haraka wala vilele. Kuna Aprili zenye ukungu zinazofanana na Novemba, na Oktoba zenye joto zinazofanana na Juni, na tofauti huonekana katika rangi ya majani ya malisho tu.

Éragny haina umaarufu wa Giverny, na malisho ya kando ya Epte huonekana kutoka barabarani katika mwezi wowote. Treni za kutoka kituo cha Saint-Lazare jijini Paris hufika Gisors mwaka mzima, na kutoka hapo mwendo wa miguu hadi kijijini haufiki saa moja. Anayekwenda na sanduku la rangi mwezi Desemba azingatie kwamba jua huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo akikosa treni ya mapema atakuwa amebakiwa na nusu ya mwanga wa siku hiyo.